Mashine Iliyotazama Ukuta

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa sabuni kabla hujafika ukurasa huu, nitakukumbusha kwa ufupi, maana aibu yangu mwenyewe haipendi kurudiwa.

Mimi ni seremala. Mtaani wananiita Milimita, kwa kuwa katika miaka thelathini ya kazi sijawahi kukata ubao ukapungua wala ukazidi. Nimeranda kwa mkono, nimekata kwa mkono, na mafundi wa mashine nimewacheka mpaka mbavu zikaniuma. Kisha kiwanda kimoja cha samani kikafungwa, nikaenda kununua mashine yao ya kuranda, lile dude linalomeza ubao upande huu na kuutema upande wa pili ukiwa laini. Kuishusha kulihitaji wanaume kumi na wawili. Mliniacha nikiwa nimeifunika turubai nje ya mlango, imeziba njia, na majirani wanaizunguka wakisonya.

Sababu ya kuinunua mnaijua. Mwalimu Mkuu wa shule mpya anataka milango sitini, yote sawasawa. Alikuja, akapapasa mlango niliouranda kwa mkono, akausifu, kisha akasema kamati yake haiamini mikono. Fundi waliyempa kazi mwanzo alikuwa amejibanza kwenye banda la mtu mwingine, na mwenye banda alipomfukuza, kazi ikafukuzwa naye. Safari hii wanataka mambo mawili: waione mashine ikifanya kazi kwa macho yao, na waandikishane na mwenye karakana mwenyewe. Nikapewa wiki nne. Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi ya wiki ya nne.

"Karakana ni yako?" aliniuliza.

"Yangu, Mwalimu. Nimerithi kwa baba."

Sentensi hiyo naomba muishikilie, kwa sababu leo ndiyo ninayoiungama.

Tuanze na sakafu. Mwashi niliyemwita ni mzee mmoja anayependa kukosoa kazi za watu waliokwisha kufa. Alipiga sakafu ya baba kwa mtaimbo mara moja, mtaimbo ukazama nusu. Ilikuwa saruji nene kama kidole, juu ya kifusi. Akaniambia nikiliweka dude lile hapo, kesho yake nitalitafuta chini kwa kamba.

Tukachimba. Tukashindilia kokoto, tukasuka nondo, tukamwaga zege la unene wa shubiri moja, na bolti nne zikasimamishwa humo kusubiri miguu ya mashine. Bomba la plastiki la kupitishia waya wa umeme mwashi alikuwa amelisahau. Ni mimi niliyemkumbusha kabla zege halijamwagwa. Siku ile nilitembea mtaa mzima nikisimulia habari za bomba, na aliyekwisha kuzisikia nilimsimulia tena.

Mahali pa kuiweka nilipachagua mwenyewe. Mwashi aliuliza mashine itazame wapi, nikamwonyesha bila kufikiri: palepale ilipokuwa meza yangu ya kazi, nitazame mlango wa barabarani. Miaka yote nimefanya kazi hivyo. Mteja akiingia namwona, naye ananiona nikitoka jasho, na bei inapungua ubishi.

Zege tukalimwagilia maji siku kumi. Siku ya kumi na moja wale wanaume kumi na wawili wakarudi, wakaiviringisha mashine juu ya vipande vya mabomba, wakainyanyua kwa magogo, wakaishusha taratibu. Matundu manne yakaingia kwenye bolti nne bila kugusa pembeni. Nikakaza nati kwa mkono wangu. Watu wakapiga makofi, na mimi, Mungu anisamehe, nikainama kidogo kama mtu aliyeimba.

Ndipo akaja Mama Waya.

Mama Waya ni fundi umeme. Ni mwanamke mfupi, hacheki, na ngazi yake haibebwi na mtu. Alianza na umeme. Nyumba yetu mke wangu akichomeka pasi, taa zinasinzia. Mama Waya akasema kwa umeme huo mashine haitaamka, itakoroma tu mpaka iunguze waya, na waya ukiungua nyumba nayo itafuata. Inatakiwa laini ya njia tatu, mita mpya, na swichi kubwa ambayo mashine ikielemewa inajikata yenyewe. Yeye yupo tayari, nilete kibali cha ofisi ya umeme tu.

Akaandika vipimo vyake. Kisha akasimama mbele ya mashine, akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama ukuta.

"Fundi," akasema, "ubao utatokea wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia unaingilia huku kushoto, unatokea huku kulia. Akachukua futi yangu mfukoni mwangu bila kuomba, akapima kutoka kwenye mdomo wa mashine hadi ukutani. Mita moja na robo.

"Na nguzo ya mlango ina urefu gani?"

Ina mita mbili na sentimita kumi. Hilo analijua hata mtoto anayenyonya.

Acha niwaelezee, labda kuna fundi wa mkono mwenzangu anasoma. Kwa miaka thelathini ubao wangu ulilala mezani ukatulia, na mimi ndiye niliyetembea na randa kwenda na kurudi. Meza hata ukiibana ukutani haikudai kitu. Kwenye mashine mambo yamegeuka: fundi anasimama, ubao ndio unaotembea. Una mita mbili za kuingia na unataka mita mbili za kutokea. Kushoto palikuwa na dirisha, mkia wa ubao ungeweza kuning'inia nje. Kulia palikuwa na ukuta. Ningeigeuza mashine robo tu, mbao zingetokea mlango mkubwa na kufika barabarani zikitaka. Lakini mimi niliipanda pale ilipokuwa meza yangu, ndani ya zege, na bomba langu maarufu limezikwa chini yake.

Milimita nilikuwa nimekosea kwa karibu mita nzima.

Nikamkimbilia mwashi. Alicheka mpaka akakaa juu ya mchanga. Alipopata pumzi akanipigia hesabu: kuvunja siku mbili, kumwaga siku moja, kusubiri siku kumi. Siku zilizobaki kabla ya Jumamosi zilikuwa kumi na moja. Nikamwuliza zege haliwezi kukauka haraka zaidi kama mtu ana shida. Akaniambia zege halina huruma, ndiyo maana watu hulitumia.

Mama Waya alikuwa bado yupo, anakunja waya wake. Akasema kwa mtu asiye na muda njia ni moja tu: toboa ukuta. Tundu la upana wa ubao, usawa wa meza ya mashine, ubao upite utokee chumba cha pili na mtu asimame huko aupokee. Viwandani ameyaona hayo. Akauliza nyuma ya ukuta anakaa nani.

"Dada yangu," nikasema.

"Basi umepona."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alicheka peke yake, akaondoka zake.

Mimi na dada yangu tumetenganishwa na ukuta wa tofali moja, na tulikuwa hatujasalimiana miaka minne. Akikohoa namsikia. Nikipiga msumari ananisikia. Mazungumzo yetu yote yanapitia kwa mke wangu. Dada husema, wifi, mwambie huyo bwana gundi yake inanuka huku. Nami nasema, mwambie huyo mama afunge dirisha. Mke wangu alichoka mwaka wa kwanza, ila hakuna aliyemuuliza.

Kesho yake nikaenda ofisi ya umeme. Nilijipa moyo kwamba tundu litajadiliwa baadaye, kwanza tupate umeme. Nikajaza fomu kwa mwandiko wangu mzuri, kwenye mwenye nyumba nikaandika jina langu. Karani akafungua kitabu chake, akatazama fomu, akatazama kitabu. Mita ya nyumba ile imeandikishwa kwa jina la mwanamke, dada yangu. Alibadilisha mwenyewe baba alipofariki, kwa sababu mimi, kichwa cha familia, sikuwa na nafasi ya kupanga foleni. Bila saini yake hawapeleki waya.

Nikarudi nyumbani nikampa mke wangu fomu, ampelekee wifi yake. Akaikunja vizuri, akanirudishia mfukoni.

"Mguu ni wako, karatasi ni yako," akasema. "Mimi kazi ya posta nimestaafu."

Sasa niingie penyewe, maana nazunguka tu.

Siku mbili kabla baba hajafariki, mchana, nilikuwa peke yangu naye kitandani pake. Akanishika mkono, akasema chumba cha mbele ni cha dada yako. Alikuwa amefiwa na mume, karibu anastaafu uuguzi, na baba alitaka afungue hapo pahali pa kuchoma sindano na kufunga vidonda. Wewe una mikono, akaniambia, utapata kazi popote, yeye ana nini? Nikasema sawa, baba. Nilisema sawa na machozi yananitoka, na nilimaanisha, kwa muda wa kama siku tatu.

Baada ya mazishi kikao cha familia kikakaa. Baba mdogo akaniuliza mbele ya wote, marehemu aliacha neno? Nikatazama ile meza yangu ya kazi. Nikasema hakuacha neno. Wazee wakagawa kwa busara yao: anayefanya kazi chumba cha mbele abaki nacho, dada apewe kile kidogo cha nyuma ya ukuta. Kikao kilipovunjika dada alinifuata uani akaniuliza kama nina hakika baba hakusema kitu. Nikamwuliza kama ananiita mwongo. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yetu ya mwisho.

Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu habari hii. Nawaambia ninyi kwa sababu hamnijui sura.

Nikapiga moyo konde, nikapiga hodi. Dada akasema karibu kwa sauti ile ya wodini, ya mtu aliyekwisha kuona kila aina ya mgonjwa. Hotuba yangu nilikuwa nimeiandaa tangu asubuhi: maendeleo, ukoo, damu nzito kuliko maji. Nilipomwona akinitazama, nikasema, "Nina karatasi."

Akavaa miwani. Akaisoma fomu yote, hata maandishi madogo ya chini ambayo aliyeyaandika mwenyewe hakuyasoma. Akasaini. Nikamweleza habari ya ukuta, kwa kuzunguka sana, nikimlaumu mwashi kidogo. Akauliza tundu litakuwa kimo gani kutoka chini.

"Sentimita themanini na tano."

"Juu ya mto wangu," akasema. "Kitanda nitasogeza."

Nilikuwa nimekwenda tayari kwa ugomvi, na ugomvi haukuwepo. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikaanza kushukuru kwa maneno mengi, akainua kiganja kuninyamazisha.

"Baba alikwambia nini?"

Nikatoa lile jibu langu la miaka minne, kwamba hakusema kitu. Safari hii lilitoka dogo, hata mimi nililisikia kwa shida.

"Mimi aliniambia asubuhi," akasema. "Wewe alikwambia mchana wa siku ileile. Kwenye kikao nilikaa nakutazama mdomo, najisemea atasema. Ningesema mimi, ningeonekana nagombea chumba na udongo wa kaburi haujakauka. Na aliyeulizwa ni wewe."

"Sasa mbona siku zote umenyamaza?"

"Nilikuuliza uani. Umesahau ulivyonijibu?"

Sikuwa nimesahau. Nilikaa nikihesabu maua ya kitambaa chake cha meza. Nilitaka ardhi inimeze, lakini upande ule nilikuwa nimeshaiweka zege.

Akanirudishia fomu na masharti yake, kwa utaratibu, kama anayeeleza dozi. Nitoboe ukuta, umeme uje, Jumamosi kamati waje. Yeye atakuwa upande wake, tayari kupokea mbao, maana bila mpokeaji mashine ile ni pambo. Tundu ataliziba kwa kabati lake la chuma. Kabla ubao wa kwanza haujapita, niseme mbele ya Mwalimu Mkuu na kamati yake chumba hiki ni cha nani na baba alisema nini. Akisikia, atasogeza kabati. Asiposikia, kabati litakaa hapohapo.

"Na ukishasikia, utanitoa?" nikamwuliza.

"Sema kwanza," akasema. "Mengine ni yangu."

Wiki ile kila kitu kilikwenda vizuri kwa namna ya kukera. Ofisi ya umeme, ambayo watu huifuata mpaka viatu vinaisha, ilikuja siku ya tano. Mwashi akatoboa tundu safi, halafu akatangaza mtaani kwamba nimejenga posta. Mama Waya akavuta waya wake mnene ndani ya lile bomba langu, akafunga swichi kubwa, akazika fimbo ya shaba nje ya ukuta ili shoti ikitokea iende ardhini isije kwangu. Alipowasha mara ya kwanza, mashine ilizunguka kinyumenyume, ikanirudishia kipande changu cha ubao kifuani. Akazima, akabadilishanisha waya mbili kati ya tatu, akawasha, ikaenda sawa. Akasema ndivyo zilivyo, ukizikosea mpangilio zinakwenda zitakako.

Mimi niliranda vipande vifupi, visivyofika ukutani, na kila jioni nilikuwa na mpango mpya. Mpango wa kwanza ulikuwa kusema kweli. Ulidumu mpaka Jumatano.

Mpango uliobaki ulikuwa wa kitaalamu. Mashine ikiwashwa, mtu aliye hatua mbili hakusikii hata ukimtaja mama yake. Dada naye atakuwa amesimama nyuma ya tundu, sikio lake liko karibu kuliko la yeyote. Nitawasha kwanza, nitaingiza ubao, kisha nitainama kwenye tundu niseme yote, mbele ya kamati kama alivyotaka. Kamati watadhani namwelekeza mpokeaji. Dada atasikia, kabati litasogea, ubao utapita, mkataba utasainiwa, na dhamiri yangu itakuwa safi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa tayari kuinama.

Nilimweleza mke wangu mpango huo. Aliniuliza kama Mungu naye nitamwashia mashine.

Jumamosi wakafika. Mwalimu Mkuu na wajumbe watano, viatu vimeng'arishwa, mkataba uko ndani ya bahasha. Mtaa mzima ukajazana mlangoni nyuma yao. Mama Waya alisimama kando ya swichi yake, mikono nyuma. Mwalimu Mkuu akaisifu sakafu, akalisifu zege, akauliza lile tundu la ukutani ni la nini. Nikasema ni teknolojia.

Nikawasha. Mashine ikaanza kuguna, ikapanda, ikawa ngurumo moja nzito inayoingia kwenye meno. Wajumbe wakarudi hatua, mmoja akaziba masikio. Nikachukua ubao wa mita mbili na kumi, nikauingiza mdomoni. Rola zikaudaka, ukaanza kutembea wenyewe, pole pole, maranda yakiruka. Uzuri wake sitausahau.

Nikaenda kwenye tundu, nikainama. Nyuma yake niliona rangi ya kijivu ya kabati.

"Dada, chumba ni chako," nikasema.

Kabati halikusogea.

Nikarudia kwa sauti zaidi. Ubao ulikuwa unakuja pembeni ya sikio langu. Kabati kimya. Nikageuka nikamtazama Mwalimu Mkuu, akanitolea tabasamu la mtu asiyesikia kitu, akainua dole gumba. Ubao ukaingia ndani ya tundu. Sasa nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, mishipa ya shingo imesimama, macho nimeyafumba.

Ubao ukagonga kabati.

Rola ziliendelea kusukuma, kabati likasimama kiume, mashine ikaanza kulia kwa uchungu, ikazama sauti, na ile swichi kubwa ya Mama Waya ikafanya kazi iliyowekewa. Ikajikata. Ngurumo ikazimika ghafla, kama mtu aliyefunikwa mdomo. Mimi nilikuwa katikati ya sentensi, na koo langu halikupata habari.

"...baba alisema chumba ni chako na mimi nikawaficha wazee, nikasema hakuacha neno!"

Hivyo ndivyo mtaa ulivyoipata. Mpaka wa nyumba ya tatu waliisikia, walinithibitishia baadaye.

Nilibaki nimeinama. Nilidhani nikiinuka ndipo watakaponiona. Kisha Mwalimu Mkuu akaniita kwa heshima, kama anavyoita mwanafunzi ambaye kiboko kiko njiani.

"Fundi, kumbe karakana si yako?"

"Mashine ni yangu, Mwalimu."

"Imesimama kwenye chumba cha nani?"

Nikasema cha dada. Akauliza umeme uko kwa jina la nani. Nikasema la dada. Akauliza mbao zikitoka huko ng'ambo zinapokelewa na nani, nikaonyesha ukuta kwa kidole. Wajumbe wakanong'onezana. Mwalimu Mkuu akaichomoa bahasha kwapani, na mimi nikajua anairudisha mkobani.

Hakuirudisha. Akasema kamati iliamua kuandikishana na mwenye karakana, na uamuzi wa kamati haubadiliki kwa sababu mwenyewe ameonekana upande wa pili wa ukuta. Aitwe.

Hakuitwa. Tulisikia kabati likiburutwa, kisha mlango wa nyuma, kisha ndara zake zikizunguka nyumba. Watu mlangoni wakampisha. Aliingia chumba cha mbele kwa mara ya kwanza tangu siku ya kikao, kitenge amejifunga vizuri, miwani kifuani.

"Shikamoo, dada," nikasema. Ilikuwa ya miaka minne, ikatoka na kutu.

"Marahaba, mdogo wangu."

Machozi yalinitoka pale, mbele ya wajumbe. Sikuyafuta. Nilifikiri, basi, yamekwisha, damu ni damu, sasa ataweka saini na tutafanya kazi pamoja, mimi upande huu na yeye upande ule, mbao zikipita katikati yetu.

Akakaa kwenye kigoda changu. Mwalimu Mkuu akampa mkataba kwa mikono miwili. Dada akavaa miwani, akausoma wote, milango sitini, tarehe, vipimo, na yale maandishi madogo ya chini. Akachukua kalamu, akaweka saini yake iliyonyooka, akaupuliza wino ukauke. Kisha akamwinulia Mwalimu Mkuu macho.

"Mkataba wenu ni mzuri," akasema. "Na fundi, mmeshampata?"

Mwalimu Mkuu akanigeukia. Wajumbe wote watano wakanigeukia. Dada hakunitazama, alikuwa anafunika kalamu.